Bunduki Niliyoipima kwa Mizani ya Mikoba

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo hutazama chini, hata nikiwa peke yangu kwenye metro ya kwenda Baiyun. Sijawahi kukusimulia kwa sababu ninaona haya. Lakini jana ulikuja dukani kwangu hapa Zhanqian, Guangzhou, ukanionyesha kwenye simu picha ya bunduki. Ulisema kaka yako kule Amerika atakuchukua kuwinda elki, yule kulungu mkubwa wa nchi za baridi, na kwamba unataka bunduki nyepesi kuliko zote kwa sababu milima ya huko ni mirefu. Ulisema "nyepesi" mara nne. Nikajifanya ninatafuta risiti. Leo nimekaa nikujibu.

Nilipokuja Guangzhou mara ya kwanza kutoka Lubumbashi nilikuwa na umri kama wako, na kitu cha kwanza nilichonunua kilikuwa mizani ndogo ya kulabu, ile ya kuingia mfukoni. Unaijua, sisi sote tunayo. Mzigo wa ndege unatozwa kwa kilo, kwa hiyo kila kitu nilikitundika: viatu, mikoba, mapazia. Laoban wangu, yaani bosi, mama mwenye duka la mikoba, alikuwa akiniona ninaingia tu anainua mkono kama anayetundika kitu, anacheka. Akili yangu yote ilihamia kwenye kulabu ile. Chepesi kilikuwa kizuri, kizito kilikuwa kibaya, na sikuona haja ya kuuliza zaidi.

Kiangazi cha mwaka ule nikarudi nyumbani. Mjomba wangu Ngoy, ndugu wa mama, alikuwa mwindaji mwenye vibali vyake, na alinipa bunduki yake ya zamani, yenye kitako cha mbao, niizoee. Niliibeba nusu siku nikaanza kulalamika. Nikaenda mjini kujinunulia yangu.

Muuza bunduki, mzee mmoja mwenye subira, aliniwekea nne juu ya meza. Mimi nikatoa mizani mfukoni. Nilizitundika moja moja, mwanangu, kama mikoba. Mzee akavua miwani.

"Unanunua bunduki ao samaki?" akauliza. "Risasi ya kupiga nyama mukubwa iko na nguvu, petit. Uzito wa bunduki ndio unameza ile nguvu. Hii nyepesi itakupiga bega. Vraiment, jaribu kwanza."

Nikamwambia nimetoka China, bidhaa ninazijua. Nikachukua ile ya kitako cha plastiki na mtutu mwembamba. Nilipofika kambi ya mjomba porini niliijaribu mara tatu tu. Mara ya kwanza ilinipiga bega nikaona nyota. Mara ya tatu nilikuwa ninafumba macho kabla sijavuta. Nilijua ninafumba macho, lakini kambini nilikuwa nimeshaipitisha mkono kwa mkono ili kila mtu aone ilivyo nyepesi, na nilionea aibu kusema.

Mfuata nyayo wa mjomba aliitwa Papa Kapinga, mtu mfupi asiyependa maneno mengi, aliyelisha watoto wake kwa kazi hiyo. Asubuhi ya pili alitufikisha kwa pofu dume, swala yule mkubwa kama ng'ombe. Tulikuwa tumepanda kilima, ninahema, na mtutu ule mwepesi ulikuwa unafuata kila pumzi yangu, mara juu, mara chini. Bunduki ya mjomba ingetulia. Nikafumba macho, nikavuta.

Pofu alijikunja mgongo, akaingia msituni. Nilimwona alivyojikunja. Nilijua nimempiga tumboni.

Sasa sikiliza desturi ya watu wale. Mnyama akijeruhiwa, kambi nzima inaacha shughuli zake, watu wanajipanga na kufuata damu mpaka wamkute, hata ikichukua siku mbili. Na anayetoa habari ni yule aliyepiga. Akisema amekosa, hakuna anayembishia, watu wanarudi kula. Mjomba akaniuliza kama nimempiga.

"Nimekosa, mujomba," nikasema. "Ni upepo."

Hata jani halikuwa linatikisika. Kapinga alikuwa ameinama, anagusa nyasi kwa kidole. Aliniangalia, akangoja. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Tukarudi kambini, na siku tatu baadaye nilikuwa Guangzhou, ninatundika mikoba.

Miezi michache ikapita, mjomba akaja huku kununua vitambaa. Nilizunguka naye Zhanqian, na mbele ya Wakongo wenzangu nikawa ninajipiga kifua kuhusu bunduki yangu. Tulipokuwa tunafunga makatoni yake alisema, bila kuinua uso, "Kapinga alivunjika muguu, unajua? Ni wiki ile uliondoka. Anasema alienda kutafuta asali, akaanguka kwenye mawe. Haukupona muzuri. Kazi ya pori imeisha kwake." Akakaza kamba. "Alinituma kwako. Ati nikuambie ile kazi uliacha, ameimaliza. Kazi gani?"

Nilielewa palepale. Alikuwa amerudi peke yake kumfuata pofu wangu, na habari ya asali aliitunga ili asiniumbue. Mjomba alikuwa ameacha kamba, ananitazama. Ningeweza kusema. Badala yake nikamwambia hata mimi sijui, na anipatie ile gundi ya makatoni.

Kesho yake nilienda kununua magongo ya alumini. Utanicheka, mwanangu: niliyatundika kwenye mizani nikachagua yaliyo mepesi kuliko yote. Nikampa mjomba ampelekee Kapinga, na jioni ile nilijiona mtu mwema sana.

Wiki mbili baadaye simu ikalia nikiwa dukani kwa yule mama. Alikuwa mjomba, akampa Kapinga simu.

"Magongo yamefika," Kapinga akasema. "Aksanti. Ni mepesi mpaka ninasahau kama nimeyashika."

"Ninafurahi, Papa."

"Eh. Lakini mimi nilikuwa ninangoja neno."

Nilimsikia anapumua. Nikasema laini ni mbaya, nikakata.

Ilinichukua mpaka kiangazi kilichofuata. Nilienda kambini, nikasema mbele ya mjomba na watu wote kwamba nilimpiga pofu yule, nilimwona alivyoumia, na nilidanganya. Mjomba aliinuka akaondoka. Kapinga, aliyeitwa aje anisikie, alikuwa ameketi, magongo yangu yameegemea ukuta wa kibanda.

"Ulifumba macho," akasema.

"Ndiyo, Papa."

"Nilikuona. Ungesema siku ile, tungekuwa watu tisa. Singepita kwenye yale mawe peke yangu."

Alisema hivyo taratibu, bila hasira, na ningependa zaidi kama angenipiga.

Kwa hiyo hili ndilo jibu langu. Wepesi si dhambi, na milima ya kaka yako ni mirefu kweli, ingawa ukitaka kupunguza kilo ungeanza na hicho kitambi. Lakini usiichague bunduki kwa kuinyanyua dukani. Piga nayo kwanza, siku nyingi, ukiwa umechoka na unahema, na mtu anayekujua akikutazama usoni. Ukianza kufumba macho, irudishe, chukua iliyo nzito zaidi, na usijali nani ameisifia ile ya kwanza. Na siku utakayompiga huyo elki, sema ulichokiona palepale, kabla watu hawajageuka kurudi. Ukichelewa, kuna mtu atakayekwenda kuubeba mzigo huo peke yake.

Mizani yangu bado iko kwenye droo ya duka. Njoo uichukue, uitumie kwa mikoba. Nenda salama, mwanangu. Mungu akufungue macho unapovuta, akufungue kinywa ukishapiga, na wote utakaoingia nao porini watoke wakitembea kwa miguu yao.