Dirisha la Upande wa Bi Zuhura

Harufu ya saruji mbichi ilipoingia nyumbani kwetu Mtoni, ilikaa miezi. Iliingia kwenye shuka, kwenye madaftari, hata kwenye wali. Ukifungua kabati la nguo ilikupokea yenyewe kwanza. Ilikuwa harufu ya ubaridi, ya udongo uliolowa, na mimi niliipenda kwa sababu nilijua maana yake: tunapandisha ghorofa. Nilikuwa na miaka kumi. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, ya chini kama nyumba zote za mtaa ule, na kiwanja kilikuwa kidogo kiasi kwamba ukitoka mlango wa nyuma na kunyoosha mikono, unakaribia kuugusa uzio wa jirani. Kwa miaka mingi ilitutosha sisi watatu: baba, aliyekuwa karani wa ghala, mama, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mimi, Upendo, mtoto wao wa pekee. Kisha mdogo wake baba akafariki huko Njombe, mkewe akiwa ametangulia, na watoto wao watatu wakaletwa kwetu. Mkubwa alikuwa Tumaini, msichana wa rika langu, akiwa amewashika mkono wadogo zake wawili wa kiume. Jioni tatu mfululizo baba aliizunguka nyumba na futi kamba akitafuta mahali pa kuongeza chumba. Hapakuwapo. Jioni ya nne alisimama barabarani, akaitazama nyumba kuanzia msingi hadi bati, akaingia ndani na kumwambia mama, "Imebaki juu tu."

Fundi Mkude alikuja na watu wake wakachimba kwenye pembe za nyumba, wakasimamisha nguzo mpya za nondo na zege nje ya kuta zetu za zamani, maana alisema kuta zile zisingeweza kubeba nyumba nyingine mgongoni. Mpaka hapo tuliendelea kuishi ndani. Lakini ilipofika siku ya kuezua bati, mama alikaa kwenye kiti uani, vyombo vikiwa vimefungwa kwenye mashuka, asijue atupeleke wapi. Ndipo mlango mdogo uliokuwa kwenye uzio kati yetu na jirani ukafunguliwa, na Bi Zuhura akatokea. Alikuwa mjane wa makamo, mzaliwa wa Mtoni, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, aliyeoka mikate ya kumimina kwa ajili ya watu wenye shughuli. Watoto wake walikuwa wameshaoa na kuolewa na kuhama. Alivitazama vile vyombo vyetu, akamtazama mama, akasema, "Mama Upendo, unasubiri nini hapo? Vyumba vyangu viwili vimelala bure. Ingieni."

Tulikaa kwake wiki saba. Baba alilala kwetu, chini ya msitu wa miti ya mirunda iliyoegemeza mbao za kumwagia zege, akilinda saruji. Mama nasi watoto wanne tulilala kwa Bi Zuhura. Nazikumbuka asubuhi zile vizuri kuliko karibu kitu chochote cha utoto wangu: moshi wa vifuu, hiliki ikitwangwa, redio yake ndogo ikisoma taarifa ya habari, na yeye akitugawia kona za mkate zilizoungua kidogo, ambazo alisema hazifai kupelekwa kwa watu ila zinafaa kwa watoto. Mama alipojaribu kuuliza kama tunamchosha, alijibu, "Nyumba ilikuwa inanipigia kelele kwa ukimya. Kaeni." Hakutuuliza hata mara moja tutaondoka lini. Na katika wiki zote hizo saba sikumwona bila mtandio. Hata tulipokuwa wanawake tu ndani, hata kwenye joto la mchana, kichwa chake kilifunikwa. Sikulijali hilo. Nilidhani ndivyo alivyopenda.

Siku ya kumwaga zege la sakafu ya juu, mtaa mzima ulisikia. Mashine ilinguruma tangu alfajiri, watu wakapanga mstari kwenye ngazi ya mbao, ndoo zikapanda zimejaa na kushuka tupu, na Fundi Mkude akawa anapiga kelele, "Isilale! Isilale!" kwa sababu zege likikauka nusu kabla ya nusu nyingine haliungani. Bi Zuhura alipika sufuria kubwa la pilau kwa mafundi bila kuombwa. Baada ya hapo ikawa kazi yetu watoto kumwagilia sakafu ile asubuhi na jioni, kama watu wanaolea bustani isiyo na mmea. Kisha kuta zikapanda, bati zetu zilezile zikarudishwa juu, na siku moja baba akatuongoza mimi na Tumaini kwenye ngazi ambayo bado haikuwa na kishikio, akatufungulia chumba cha nyuma. "Hiki chenu, wasichana," alisema. Dirisha lake lilikuwa pana kupita madirisha yote ya nyumba. Lilielekea upande unakotoka upepo, na kutoka pale niliona mabati ya Mtoni yakishuka mpaka kwenye mikoko, na minazi nyuma yake. Sikuwahi kufikiri kwamba mtaa niliozaliwa ulikuwa na upande wa juu.

Chini kabisa ya dirisha lile kulikuwa na ua wa Bi Zuhura. Siku za mwanzo sikuutazama, niliujua. Lakini Ijumaa moja, shule zikiwa zimefungwa, nilikuwa nimeegemea dirishani peke yangu nilipomwona ametoka kuoga. Akaketi kwenye kibao cha mbuzi palipokuwa na jua, akafunua kichwa, akamimina mafuta ya nazi kiganjani. Nywele zake zilikuwa pembeni tu, nyeupe na fupi. Utosini hapakuwa na unywele hata mmoja. Paling'aa kama kiganja cha mkono. Alijipaka taratibu, akafumba macho, akaliinulia jua kichwa chake, na uso wake ukatulia namna ambayo sijawahi kuiona. Nilipaswa kuondoka. Sikuondoka. Nilitazama mpaka mwisho, kisha nikakimbia kumwambia Tumaini, na jioni ile kwenye foleni ya bomba nikawaambia wasichana wengine wawili, kwa sababu nilikuwa na kitu cha kusema ambacho hakuna mwingine aliyekuwa nacho.

Haikuchukua wiki. Watoto wa mtaa wa nyuma wakawa na jina jipya, Bi Kipara, na wakalipaza mbele ya mlango wake kisha wakatimua mbio. Mimi sikulipaza. Nililisikia nikiwa jikoni nikichambua mchele. Kesho yake mlango mdogo wa kwenye uzio ulikuwa umefungwa kwa komeo upande wa pili. Mama hakuelewa. Alipika maharage ya nazi ambayo Bi Zuhura aliyapenda, akanituma niyapeleke kwa mlango wa mbele, na bakuli likarudi pamoja nami limefunikwa vilevile nilivyolibeba. "Amesema nini?" mama aliuliza. Nikamwambia amesema ameshiba. Mama akalifunua bakuli, akaniuliza tena, sasa kwa sauti yake ya darasani, na mimi nikasema yote.

Nilitegemea kuchapwa. Badala yake alipanda ngazi, akaenda moja kwa moja dirishani, akasimama pale niliposimama mimi. Alitazama chini kwa kitambo. "Hivi tulijenga bila hata kuchungulia hapa," alisema, wala hakuwa akizungumza na mimi. Kisha akavaa kitenge, akanishika mkono, tukazunguka barabarani hadi mlango wa Bi Zuhura.

"Hodi hapa."

"Karibuni," alijibu, lakini hakusimama. Alikuwa akikoroga unga wa mkate.

"Dada, nimemleta huyu. Ana neno lake."

"Shikamoo, Bi Zuhura," nilisema.

"Marahaba." Akaweka mwiko pembeni. "Wewe uliniona?"

"Ndiyo."

"Ukaona nini?" Nikatazama miguu yangu. "Sema, mwanangu. Wenzio umewaambia, mie utanificha?"

"Kichwa. Hakina nywele katikati."

"Haya. Ndivyo kilivyo," alisema. "Nilipata homa ningali mwari, zikatoka, hazikurudi. Alijua marehemu mume wangu, na alijua mama yangu aliyenizaa. Wanangu wenyewe sikupata kuwaonyesha. Sasa inajua Mtoni nzima." Hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu kwangu angeipandisha. Nikasema nisamehe, na sauti ikatoka ndogo, nikarudia tena, halafu nikalia. Mama hakunibembeleza. Alisema tu, "Lile dirisha tutaliziba, dada."

Baba hakulipokea jambo hilo kwa urahisi. Alikuwa ameichora nyumba ile mwenyewe kwenye karatasi za kazini, na dirisha lile ndilo alilolipenda zaidi. "Upepo wote unatoka kule," alimwambia mama wakati wa chakula. "Watoto wataiva humo ndani. Si tumuombe tu huyu mtoto asichungulie?"

"Leo ni huyu. Kesho ni mgeni, keshokutwa ni fundi wa kupaka rangi," mama alijibu. "Baba Upendo, yule alitulaza wiki saba. Pale uani ndipo pekee anapofunua kichwa chake, na sisi tumemfungulia paa."

Baba alimaliza kula, akanawa mikono. Asubuhi kabla ya kwenda kazini alipitia kwa Fundi Mkude.

Fremu ilitolewa, tofali zikaanza kupangwa. Ukuta ulikuwa umefika kifuani kwangu niliposikia hatua nzito kwenye ngazi, zikisimama na kupumzika, na Bi Zuhura akaingia chumbani huku ameushika ukuta. Alisema hajawahi kupanda nyumba ya ghorofa maishani mwake isipokuwa hospitali. Fundi akampisha. Akasogea kwenye ule uwazi uliobaki, akainama, akatazama ua wake kutoka juu: mafiga, kibao cha mbuzi, kamba ya nguo, ndoo mbili.

"Kumbe uani kwangu padogo hivi," alisema.

Kisha akageuka, akavitazama vitanda vyetu, akamuuliza fundi hewa itaingilia wapi. Fundi Mkude akakuna shingo. "Acha nafasi juu kule, chini ya bati, upana wote," Bi Zuhura alimwambia. "Upepo si lazima upite usawa wa macho." Na ndivyo ilivyofanywa. Tulilala miaka yote chini ya mwanya mrefu ulioingiza mwanga na ubaridi na sauti ya redio ya jirani, bila kuona kitu ila mawingu.

Mlango mdogo ulifunguliwa tena mwezi uliofuata, na mikate ikaendelea kuvuka, na bakuli zetu zikaendelea kuvuka upande wake. Jina lile lilichakaa mdomoni mwa watoto, likafa. Hakunisema tena hata siku moja. Lakini tangu wakati ule, kila nilipopita kwenda uani kwake, Ijumaa au siku nyingine, nilimkuta amekaa juani amejifunika. Dirisha tuliliziba kwa siku moja. Kile nilichomwondolea sikuweza kukirudisha, ingawa aliishi miaka kumi na minne zaidi na alinipikia mikate ya harusi yangu.

Sasa Mtoni imejaa ghorofa. Nikienda kumsalimia mama naona zimepanda mbili mbili, tatu tatu, zenye vioo vyeusi vinavyoona bila kuonwa, na watu wa chini wamefunika nyua zao kwa mabati na maturubai, wanafulia gizani. Hakuna anayemuuliza mwenzake. Siwalaumu, watoto huongezeka, viwanja haviongezeki. Mimi na mume wangu tulipata eneo Chanika, na mwaka huu tumeamua kujenga, chini kwanza, juu baadaye. Kijana anayetuchorea ramani alitandaza karatasi mezani, akaonyesha chumba cha juu cha nyuma na dirisha lake kubwa. Nikamuuliza upande ule anaishi nani. Akacheka kwa heshima. "Dada, kule nyuma ni mihogo tu."

"Watakuja watu," nilimwambia.

Alinitazama, akamtazama mume wangu, akachukua kifutio.