Sikujua na Vyombo Vitatu

Kompyuta kuukuu ikipata moto hutoa harufu ya vumbi linaloungua, kama pasi iliyokaa kabatini muda mrefu bila kutumika. Juzi harufu hiyo ilinikuta kwenye foleni katika ofisi moja pale Vwawa. Mara nikawa nimerudi Tunduma, sebuleni kwa shangazi yangu, mtoto wa darasa la nne aliyetoa macho mbele ya kioo cha kompyuta.

Kwetu ni Isansa, kwenye kahawa. Msimu ule mama alianza kuumwa tumbo wakati wa kuchuma. Akajikaza, akajikaza, mpaka asubuhi moja akashindwa kunyanyuka. Baba alimpeleka hospitali Mbeya, mimi nikapelekwa kwa shangazi. Waliniambia mama anaenda kupumzika kidogo. Niliamini nusu. Watu wazima wa kwetu wakisema "kidogo" huku wakitazama pembeni, ujue jambo ni zito.

Shangazi aliuza vitenge karibu na mpaka, kwa hiyo mchana tulibaki wawili, mimi na binti yake aliyekuwa likizo ya sekondari. Aliitwa Sikujua, jina ambalo hakulitendea haki hata siku moja, maana alijua kila kitu na alikutaka ujue kwamba anajua. Kaka yake alikuwa amewaachia kompyuta ambayo feni yake ilivuma kama lori linalopanda mlima. Ndani yake kulikuwa na gemu la vita vya angani.

Sikujua alinikuta kizingitini nikitazama njia.

"Anyesi, ingia ndani," akasema. "Leo unakuwa rubani."

Gemu lile halikuwa na huruma. Ulipewa chombo kimoja kidogo, ukatumwa upite katikati ya nyota ufike kituoni. Njiani vilikutokea vyombo vitatu vya adui, na ukilipuliwa ulirudi mwanzo kabisa. Mimi nililipuliwa kabla hata sijajua kibonyezo cha kupigia risasi kiko wapi. Nikarudi, nikalipuliwa tena.

"Unakimbia njia iliyonyooka," Sikujua alisema. "Umeona kuku akifukuzwa na mwewe anakimbia hivyo? Kata kona. Na ukikata kona punguza mwendo, ukienda kasi unazunguka kwa mbali, wao wanakukatiza."

Nikajaribu. Nikaona kweli, nikipunguza mwendo chombo kiligeuka pale pale, na adui aliyekuwa mgongoni akanipita akawa mbele yangu. Nilifurahi mno hata nikasahau kupiga.

Siku zilizofuata alinifundisha mengine. Nisimkabili adui uso kwa uso, kwa sababu wote tutaumia na wao wako watatu. Nisimwage risasi ovyo, bunduki ikipata moto inagoma. Ngao ya chombo ikikaribia kwisha nisione aibu, nikajifiche nyuma ya miamba inayoelea mpaka ijijaze. "Kukimbia si uoga," alisema. "Anayebaki hai ndiye anayerudi kupigana." Nilimwomba aniwekee ngazi rahisi, nami nishinde japo mara moja. Alikataa katakata. Nililia kwa hasira, nikamwita mchoyo, kisha nikarudi kwenye kiti.

Jioni shangazi alirudi na vumbi la mpakani miguuni. Yeye, ambaye alichukia michezo ya kompyuta kuliko chawa, alitutazama, akaenda jikoni kusonga ugali bila kutugombeza. Nilidhani amechoka.

Siku moja alirudi mapema. Mimi nilikuwa nimemwangusha adui mmoja, wa pili anafuka moshi, na kituo kinaonekana kwa mbali. Simu ya shangazi ikalia. Akatoka nayo uani. Nikahisi mkono wa Sikujua umeshika bega langu, umelibana hata likauma, lakini sikugeuka.

Shangazi akasimama mlangoni, khanga usoni.

"Kaka amepiga," alisema. "Wifi ameamka. Upasuaji umeenda vizuri. Ameomba uji."

Mikono yangu ilitoka kwenye vibonyezo yenyewe. Chombo changu kikalipuliwa palepale, mlangoni mwa kituo, na hakuna aliyejali. Shangazi alikaa chini sakafuni akicheka na kulia. Sikujua alinikumbatia, akawa anatetemeka mwili mzima, nikashangaa, kwa sababu mama alikuwa wangu, si wake.

Miaka mingi baadaye, kwenye harusi yake, nilimuuliza kwa nini alininyima ngazi rahisi.

"Siku ulipofika, mama aliniambia huenda wifi yake asipone," alisema. "Akaniomba nikushughulishe. Nilifikiri, nikikupa rahisi utacheza huku unawaza. Ile ngumu haikuachi uwaze. Hata mimi nilikuwa nayahitaji yale mapigano, Anyesi. Nilikuwa naogopa kuliko wewe."

Nilikuwa nimemkasirikia kwa jambo lile lile lililonibeba. Mama yangu alikuwa meza ya pili, anamwekea baba nyama kwenye sahani na kumgombeza kwa kula haraka. Tulikaa tukamsikiliza akigomba, mimi na Sikujua, hatukutaka aache.