Pikipiki Isiyoguswa

Zahor alikuwa na sababu zake za kutomwamini mtu. Miaka thelathini na moja alikuwa mkaguzi wa forodha bandarini Matrah, akifungua masanduku yaliyoandikwa biskuti na kukuta betri. Mtu aliyekula mshahara kwa kushuku hastaafu akaacha. Maziwa aliyanusa kabla ya kuyalipia. Simu ikilia kwa namba asiyoijua, alinyamaza kwanza amsikilize mwenziwe anavyopumua. Mkewe, Kheiria, alikwishachoka kumsema.

"Baba Aliya," humwambia, "siku ya siku utamwuliza Izraili kitambulisho."

Kwa hiyo Talal alipobisha mlango wao mtaani Azaiba, Zahor alimtazama viatu kwanza, kisha uso. Talal alikuwa kijana mwenye ndevu zilizochongwa vizuri mno, msimamizi wa duka jipya la pikipiki kwenye barabara kuu. Duka lilikuwa linaleta Ashdown. Zamani Ashdown zilikuwa pikipiki za Kiingereza zenye heshima zake, kisha kampuni ikafa, ikakaa kaburini zaidi ya miaka arobaini. Sasa matajiri wamelinunua jina, na modeli mpya zinatoka na sura ile ile, tangi la mviringo na taa kubwa ya mbele, ila ndani ni kompyuta tupu.

"Ami Zahor, tunafungua Alkhamisi," alisema Talal. "Nimesikia unayo ile ya asili. Wallahi, tungeiweka pembeni ya hizi mpya siku tatu tu, watu wauone ukoo."

"Ukoo gani? Mmechukua jina la maiti mkampa mtoto msiyemjua babake, leo mnaniletea habari za ukoo?"

Talal alicheka. Zahor hakucheka.

Pikipiki ilikuwa ya Marhoon, kaka yake mkubwa. Walipovuka bahari kutoka Unguja kuja huku, ni Marhoon aliyemlea, na mwaka sabini na nne akainunua Ashdown kwa mhandisi wa Kiingereza aliyekuwa anarudi kwao. Nyuma ya kiti kile Zahor alipelekwa shule, akapelekwa hospitali, akapelekwa kuposa. Kisha mfuniko wa pembeni wa injini ukaanza kuvuja, na kampuni imekufa, spea hakuna. Marhoon akachukua makubadhi yake mwenyewe, akaikata ngozi kwa wembe, akatengeneza gasketi ya kuuziba. Miezi miwili baadaye figo zikamchukua.

Tangu hapo Zahor hakumruhusu fundi yeyote kuifungua injini. Ngozi ile ndiyo kazi ya mwisho ya mikono ya nduguye, na duniani hakuna kingine kilichobaki cha mikono hiyo. Oili ilidondoka tone moja moja juu ya kadibodi, naye akaridhika. Kuna wakati ilitoa moshi na kumzimikia njiani, lakini miaka mitatu hii, tangu aliporudi kutoka Bombay alikopasuliwa moyo, ilinguruma kama mpya. Zahor alijisifu kwa kila mtu kwamba hiyo ndiyo faida ya kitu kutoguswa.

Kheiria ndiye aliyemlainisha. "Mpe kijana, watu waione. Marhoon angependa."

Zahor alikubali kwa barua yenye saini na muhuri: pasiguswe kitu. Barua pia hakuiamini. Asubuhi ya kuipeleka aliazima rangi ya kucha ya mkewe, akachora nati saba za injini, kila mstari ukianzia kwenye nati na kuishia kwenye chuma, ili atakayezungusha aukate mstari. Kheiria alimpa kichupa huku akitazama dirishani.

"Mbona huniangalii?"

"Nakuangalia kila siku. Leo nna kazi."

Siku mbili za matayarisho Zahor alikaa dukani kwenye kiti cha plastiki, akilinda. Katikati ya kulinda aliichungulia Ashdown mpya, akainama mpaka magoti yakalia, akatazama chini yake. Pakavu.

"Haivuji hii?"

"Haivuji, Ami."

"Basi ndani hamna oili."

Talal akamwonyesha kipimo, oili imejaa. Zahor akauliza injini imetengenezwa wapi, akatajiwa nchi ambayo si Uingereza, akatikisa kichwa kama mtu aliyefungua sanduku na kukuta alichokitarajia. Nje ya zamani, ndani ya kisasa. Udanganyifu mtupu.

Alkhamisi alichelewa kidogo kwa sababu ya sala ya alasiri. Alipoingia, duka limejaa watu na juisi, na mahali pa pikipiki ya Marhoon pamewekwa chungu cha maua.

"Iko wapi?"

"Ami, tulia. Imedondosha oili kwenye marumaru, mgeni kateleza. Mteja mwengine kaniuliza kama hizi mpya nazo zitakojoa. Nimeipakia pikapu ikazibwe tu. Iko Wadi Kabir kwa Fulgence, fundi Mtanzania, hakuna anayezijua hizi kuliko yeye."

Zahor aligeukia mlango. Alitoka akaingia garini mwake, na Talal akaona bora aingie naye. Njia nzima Zahor aliendesha ameuma meno. Aliogopa, na hofu ilimfanya aone kila kitu tayari kimekwishatokea: mfuniko umefunguliwa, ngozi ya Marhoon imetupwa kwenye pipa pamoja na matambara.

Gereji ya Fulgence ilikuwa katikati ya wachomeleaji na maduka ya matairi. Pikipiki imesimama kivulini. Fulgence, mtu wa Bukoba, mpole, amekaa kando yake na mikono safi.

"Nani kakwambia uiguse?"

"Sijaigusa, mzee. Hata nati moja. Nilimwambia yule dereva aliyeileta, mpaka mwenyewe aje."

Zahor alipiga magoti, akahesabu. Mistari saba, yote mizima. Roho ikarudi. Akasimama, akajipangusa kanzu, na kwa furaha hata akampa fundi mkono.

"Mtu mwaminifu wewe."

"Asante, mzee. Halafu hilo tone lisikusumbue, ni nusu saa tu nalifunga. Lenyewe nililiacha makusudi..."

Fulgence akanyamaza, lakini amechelewa. Zahor alikuwa bado kaushika mkono wake, na hakuuachia.

"Uliliacha lini?"

Fundi alimtazama Talal, akatazama chini. "Mzee, niliahidi nisiseme. Miaka mitatu sasa. Mama mmoja aliileta kwa pikapu, akasema mume wake yuko India amelazwa. Injini ilikuwa inakufa. Ile gasketi ya ngozi ilishaoza, vipande vimeziba njia ya oili. Nikaweka mpya. Nilitaka kuziba kabisa, akanikataza. Akasema, iache ivuje kidogo, isipovuja mume wangu atashuku."

Talal alishindwa kujizuia. "Kumbe na yako, Ami, ni ya zamani nje, mpya ndani."

Zahor alitoka nje, akasimama kwenye jua, akapiga simu.

"Kheiria. Nani aliifungua pikipiki ya Marhoon?"

Alisikiliza mkewe anavyopumua.

"Ulikuwa umelala Bombay na kifua wazi," alisema mwishowe. "Daktari hakuniahidi kitu. Nikasema akirudi, na arudi akute kitu cha kumfurahisha. Ilikuwa inakufa, Zahor, na wewe hutaki kusikia. Ningekwambia, ungekubali?"

"Ngozi iko wapi?"

"Nilitaka kukuwekea. Ilivunjikavunjika mkononi mwa fundi. Hapakubaki hata kipande cha kukufungia kwenye karatasi."

Zahor aliitafuta hasira, akakuta huzuni, kama vile Marhoon amezikwa leo. Chini ya huzuni palikuwa na aibu. Kila Ijumaa ya miaka mitatu aliyokwenda na pikipiki mpaka mji wa Barka, akiimba peke yake ndani ya helmeti, alikuwa anaendesha kwa huruma ya mwanamke huyu. Alimshuku Talal, akawashuku mafundi wote, akashuku dunia nzima kwa rangi ya kucha aliyopewa na mkewe mwenyewe.

"Kheiria," alisema. "Kuna lipi jengine umenifanyia na mimi sijui?"

"Mengi," alisema Kheiria, akakata simu.