Nauli ya Ulaya kwa Bei ya Mnadani

Nicheke tu, maana hapa Bariadi wameshanicheka wote.

Tangu watu binafsi turuhusiwe kununua pamba, najiona mfanyabiashara. Basi binti yetu Limi, anayesoma Ujerumani, alipoandika kwamba anafunga ndoa huko, nikaipeleka familia, watu watano, Mwanza kwenye ofisi ya tiketi. Dada wa kaunta akatafuta mpaka akapata ndege ya bei nafuu hadi Amsterdamu, na kutoka pale treni hadi kwa Limi. Akataja nauli. Nikataja nusu yake.

"Mzee, hii haipungui," akasema.

Hata wauza ng'ombe mnadani husema hivyo. Dawa yao ni kuondoka polepole, mpaka mwenye mali akuite mwenyewe.

"Twende," nikamnong'oneza Mama Limi. "Asigeuke mtu."

Tukatoka kwa mstari, mimi mbele. Tulipofika barabarani nikasikia, "Mzee! Mzee!"

"Unaona?" nikamwambia mke wangu. "Usigeuke. Akiita mara ya kwanza bei bado iko juu."

Akaita tena. Nikapunguza mwendo. Alipoita mara ya tatu nikageuka taratibu, nimekunja uso kama mtu asiye na haja na ng'ombe.

Dada alikuwa anahema. Amemshika mkono Kija, kitinda mimba wetu, tuliyemwacha amelala kwenye kiti.

"Mzee," akasema, "ukimwacha huyu, nauli itapungua kweli. Nikate za watu wanne?"