Mgongo Nao Una Mwenyewe

Saa moja asubuhi. Mpiga picha amesimama kwenye kona ya soko, kamera shingoni, kifuniko cha lenzi hakijaguswa. "Shikamoo, mama. Ruhusa?" Muuza vitunguu anatikisa kichwa. Haya, asante, anasogea mbele.

Ndiyo maana soko zima linamwita Ruhusa. Ni mgeni nchi hii, huu mwaka wake wa pili, anakusanya picha za watu wakiwa kazini ili atoe kitabu. Kwa siku huomba watu kama thelathini. Ishirini humkatalia, na mmoja hakosi kumpa maneno yake.

"Wana haki," anasema. "Zamani nilikuwa kichwa ngumu."

Aliyemfunza ni fundi viatu, bibi wa miaka sitini na ushei anayekaa mlangoni pa duka la vitambaa. Wiki ya kwanza tu, Ruhusa alimpiga picha kwa nyuma, bibi ameinamia kiatu. Alijidanganya kwamba mgongo haumtambulishi mtu. Lo! Bibi aligeuka na nyundo mkononi.

"Mgongo nao una mwenyewe!"

Watu wakajaa. Akaifuta picha mbele yao, na haki ya Mungu ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kupiga.

Bibi si mkorofi. Siku aliyomzika mumewe, mgeni mwingine alimpiga picha akilia. Baada ya miezi michache akajikuta kwenye bango la kuomba misaada. "Wajukuu zangu walikuwa wananiona nalia pale kituo cha basi, kila asubuhi," anasema. "Na mimi sijawahi kumwomba mtu hata uzi."

Ruhusa akaanza kumpelekea viatu. "Nimevishona vyote, hata vizima!" bibi anacheka. Kila siku aliomba picha, kila siku jibu likawa lile lile: "Bado, mwanangu."

Sasa kibali chake cha kuishi hapa kimebakiza siku kumi na moja, na kitabu bila bibi yule, anasema, hakina moyo. Jana alipoomba, bibi alinyoosha mkono.

"Lete hiyo kamera. Geuka."

Akageuka. Bibi akabonyeza. Picha ilipotokea, soko likaangua kicheko: shati limechanika mgongoni, fulana inachungulia.

"Bibi, ifute basi!"

"Inauma, eeh? Haifutwi. Kesho uje, nitakutazama usoni. Nataka wajukuu wanione niko kazini."

Leo bibi amejifunga kitambaa cha bluu, nyundo mkononi, kidevu juu.

"Ruhusa?"

"Piga, mwanangu, kabla sijacheka."

Anachelewa. Bibi ameshacheka, na ndiyo picha yenyewe.

Ruhusa anataka kitabu kifunguliwe na ule mgongo wake uliochanika, kwa jina la aliyeupiga picha. Kwa kuwa picha ni ya bibi, amemwomba ruhusa ya kuitumia.

Amejibiwaje?

"Bado," anasema, akifuta macho kwa kicheko. "Nitamuuliza tena kesho."