Kadi ya Kumi na Nne

Katika chumba cha nyuma cha ofisi ya kamusi, wanawake wawili walikaa meza moja kwa miaka kumi na sita. Waliajiriwa siku moja, wakapewa droo moja wagawane, na wenzao wakawaita mapacha mpaka wenyewe wakaanza kuitana hivyo. Mmoja alikuwa mcheshi, mwepesi wa kuzoeana na watu. Mwingine, ambaye hadithi hii ni yake, alikuwa mzito wa maneno na mkali wa masikio. Walimwita Mama Kadi, kwa kuwa mkoba wake ulijaa kadi nyeupe kuliko kitu kingine chochote. Mumewe alipenda kumtania: “Mimi nikifa, mke wangu ataniandikia kadi kwanza, ndipo alie.”

Kazi yao ilikuwa kuyatafutia maneno ya Kiingereza maana zake kwa Kiswahili. Mhariri mkuu, mzee aliyefunga miwani yake kwa uzi, alikuwa na sheria moja isiyopindika: kila maana iwe na sentensi iliyosikika kinywani mwa mtu, na kwenye kadi paandikwe aliyesema ni nani, anafanya kazi gani, na alisema lini. Kujitungia sentensi kulihesabiwa sawa na kughushi cheti.

Mwaka huo Mama Kadi alipewa neno *focus*. Mhariri wa herufi F alikuwa anastaafu, na ofisi nzima ilijua kwamba atakayelifikisha neno hilo salama mbele ya jopo la wahariri ndiye atakayerithi kiti. Mama Kadi hakuwa mtu wa kutamani vitu hadharani. Kiti hiki alikitamani.

Akaingia mitaani. Kwa mpiga picha alisimama nyuma ya kamera asubuhi nzima, mpaka akamsikia akimwambia bibi harusi, “Usitikisike, sura yako bado ina ukungu, ngoja niirekebishe.” Kwa fundi miwani akapata jina la mahali miale ya mwanga inapokutana. Uwanjani kocha wa wasichana alifoka, “Wewe beki, akili umemwachia shangazi yako? Macho kwenye mpira!” Kwenye mkutano wa wazazi, mwalimu mkuu alisema, “Leo tujikite kwenye vyoo, mengine baadaye,” watu wakaangua kicheko, naye akachomoa kalamu. Kadiri alivyozunguka ndivyo alivyoona kwamba mahali Mwingereza anaponyanyua neno moja, Mswahili anachagua: kulenga, kuzingatia, kujikita, kukaza macho, kitovu, kiini. Hakuna hata moja lililokubali kubeba mzigo wote peke yake.

Zikafika kadi kumi na tatu. Ya kumi na nne ilihusu mahali chini ya ardhi tetemeko linapoanzia. Mtaalamu wa mitetemeko alimpa miadi, akaiahirisha, akampa nyingine, akaiahirisha tena. Wiki hiyohiyo mama yake akalazwa, na jopo likabakiza siku mbili. Akiwa kwenye benchi la wodi, akisubiri daktari, Mama Kadi aliandika: “Kitovu cha tetemeko kilikuwa chini sana, ndiyo maana nyumba hazikuanguka.” Chini yake akaandika: mtaalamu wa mitetemeko. Akatia tarehe.

Kesho yake, wakinywa chai, alishindwa kuvumilia.

“Pacha, kuna kadi moja nimeitunga.”

Mwenzake aliweka kikombe chini. “Wewe? Wewe uliyemrudia muuza mkaa mara tatu kwa ajili ya kiambishi?”

“Mama alikuwa kitandani. Sikuwa na nguvu. Nikimpata yule bwana nitaibadilisha. Usiniseme.”

“Nikuseme kwa nani, mwenzangu? Kunywa chai, inapoa.”

Mama Kadi akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Siku ya jopo alisoma kadi zake taratibu, na mhariri mkuu akawa anaitikia kwa kichwa. Aliposikia ya kocha alicheka mpaka miwani ikamning’inia. Mama Kadi alipomaliza, mzee akauliza kama kuna mwenye neno.

Pacha wake alinyoosha mkono. Sauti yake ilikuwa laini, kama mtu anayeomba chumvi mezani.

“Mimi nina swali dogo tu, mzee. Huyu mtaalamu wa mitetemeko wa kadi ya kumi na nne, tunaweza kumpata wapi?”

Mama Kadi alimtazama mwenzake, akingoja angalau ainamishe uso. Hakuuinamisha.

“Mlete, binti yangu,” alisema mhariri mkuu. “Au hata jina lake.”

“Hakusema yeye, mzee. Niliandika mwenyewe.”

Mzee alivua miwani, akaikunja polepole. Hakufoka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alisema tu kwamba neno litahamia kwa aliyeona kosa, na kiti pia.

Desturi ya ofisi ilikuwa kwamba neno likihama, mwenye kadi huzikabidhi mkononi, moja baada ya moja, akieleza alikozipata. Kwa hiyo mchana ule wakakaa tena wawili, meza ileile.

“Nilifanya kwa ajili ya kamusi,” alisema mwenzake. “Usinichukie, pacha.”

“Jana ulijua kuna kamusi. Mbona hukuniambia niitoe?”

Mwenzake akageukia kadi. “Huyu mpiga picha, studio yake iko wapi?”

Mama Kadi angeweza kusema amesahau. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini sentensi ile ilikuwa ya kweli, na bwana yule alikuwa mtu wa kweli, mwenye duka lake na mlango wake.

“Nyuma ya kinyozi, ghorofa ya kwanza. Nenda asubuhi, mchana huwa amelala.”

Alieleza zote kumi na tatu hivyohivyo, bila kuruka. Ya kumi na nne aliichana. Kisha akaivuta droo waliyogawana, akatoa vitu vyake, akavibeba mpaka kwenye meza tupu karibu na ngazi.

“Pacha, unakwenda wapi?” mwenzake aliita.

“Mimi nina jina,” alisema Mama Kadi, akaketi akiwa amempa mgongo.