Jina la Kuandika

Jirani yangu wa hapa mjini Ibra hapigi hodi, kwani hodi hujibiwa "nani?" naye hataki kutaja jina mlangoni. Hukohoa tu, kisha hukaa karibu na mlango na viatu miguuni, mkono ukipapasa paspoti mfukoni. Jana alikuja nimjazie fomu ya kodi ya mapato ya nyumba anayoikodisha Amerika, aliyoiweka katika amana ya familia, mali inayoshikwa kwa ajili ya wanawe.

"Ami, maadamu unaweza kuivunja amana utakapo, nambari ya kodi ni yako, na mapato yataripotiwa kwa jina lako."

Akaushika mkono wangu wenye kalamu.

"Andika la mama yangu."

"Bibi keshafariki, Ami."

"Ndiyo maana," akanong'ona. "Unguja, siku za mapinduzi, wenye bunduki walikuja wakituita mmoja mmoja kwa jina. Yeye hawamfikii tena."